Masomo ni ngazi: mtoto wako amesimama wapi?



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya madeni ya nyumbani, na wengi wenu mlituambia yale maneno yaliwagusa. Mwezi huu tunaenda ku masomo. Lakini mtaona mbele kidogo kama masomo nayo yanaweza kuwa na deni lake, tena deni ambalo mzazi halioni mpaka siku linapodaiwa.

Siku moja ya posho, mangaribi, nilikuwa nimekaa nje kwenye kiti changu. Mama Mapasa akafika na buletini ya mtoto wake mkubwa mkononi. Ni jirani yetu wa miaka mingi. Anauzisha makala na karanga mbele ya kiwanja chake. Bwana wake alikuwa fundi ku kampani, leo anatafuta kazi ya siku kwa siku. Nilimpa kiti, hakukaa. Alinyosha ile karatasi, akasema:

— Baba Mwalimu, uniangalilie hii kintu. Mutoto ku matematiki alipata 32 juu ya 100! Mu ya tatu na ya ine ya primeri alikuwaka wa tatu mu kalasi. Sasa batu banasema eti bamemuroga. Baba yake anasema basi, aache masomo, aende kutafuta falanga sawa benzake. Weye unawaza namna gani?

Nikamwambia:

— Mama, mambo ya kuroga tuache kwanza. Uniitie mtoto, aje na kaye yake.

Kijana akaja. Ana miaka 15, yuko mwaka wa kwanza wa humanite, opsio ya sayansi. Kwenye kaye kulikuwa hesabu ndefu zenye herufi: x juu, x chini, fraksio juu ya fraksio. Kila moja ilikuwa na alama nyekundu. Sikumwuliza juu ya hizo. Nilimwandikia hesabu moja ndogo: nusu kujumlisha na theluthi, ni ngapi? Akaandika haraka: 1 na 1 ni 2, kiisha 2 na 3 ni 5. Jibu lake: 2/5.

Basi nikamgeukia mama yake:

— Mama, una makopo sita ya karanga. Mteja wa kwanza anachukua nusu, wa pili anachukua theluthi. Yameenda makopo ngapi?

Mama Mapasa hakutafuta bika.

— Nusu ni tatu, theluthi ni mbili. Yameenda tano. Inabaki moja.

— Ni hivyo. Tano juu ya sita. Sasa mtoto wako anasema ni mbili juu ya tano. Mbili juu ya tano haifiki hata nusu.

Mama akamkazia macho mtoto:

— We! Nusu, kiisha unaongeza kingine juu yake, namna gani itakuwa chini ya nusu?

Kijana aliinamisha kichwa, akajibu polepole: «Mwalimu, bile banafundishaka mu ya tano. Mi ile mwaka sikukuwa. Nilikuwa ku karieri.»

Hapo mama alikaa kwenye kiti. Alikumbuka. Mwaka ule baba hakuwa na kazi, chakula kilikosekana nyumbani, na mtoto alikaa trimestre nzima kwenye mto, akisafisha mawe kwa ajili ya wachimbaji. Alirudi kufanya mtihani wa mwisho, akapita kidogo kidogo, akaenda ya sita. Kila mtu alifurahi. Hakuna aliyeuliza: je, kwa ile miezi mitatu benzake walijifunza nini?

Mpenzi msomaji, ndiyo sababu ninaandika leo. Sisi wazazi tunajua masomo yana bei gani. Tunajua mtoto alipata asilimia ngapi na alikuwa wa ngapi. Lakini programu yenyewe, ile njia ambayo mtoto anapitishwa kutoka materneli mpaka diploma, wengi hatuijui. Basi tuipande pamoja, ngazi kwa ngazi.

MATERNELI: KUCHEZA NI KAZI

Materneli ni miaka mitatu: mtoto anaingia na miaka 3, anatoka akikaribia 6. Wazazi wengine wanasema: «Kule banachezaka tu, tunapoteza falanga.» Ni kweli wanacheza. Lakini umwangalie mtoto anayepanga mawe madogo upande mmoja na makubwa upande mwingine: anajifunza kutenganisha na kulinganisha, na bila hayo hakuna hesabu. Anayechora mistari na duara anafundisha vidole vyake kushika bika. Anayeimba na wenzake anajifunza kusikiliza, kungoja zamu yake, na kusema wazi.

Si vijiji vyote wala kambi zote ambako materneli iko. Mahali ambako haiko, bibi na babu wanaweza kufanya sehemu kubwa ya ile kazi, kwa hadithi, kwa nyimbo, na kwa michezo ya kuhesabu mbegu. Mtoto aliyeambiwa hadithi nyingi kwa lugha ya nyumbani anafika shuleni na mzigo mzuri kichwani.

PRIMERI: MIAKA SITA, DEGRE TATU

Primeri inaanza kwa miaka 6. Ile miaka sita imegawanyika mbili mbili. Ya kwanza na ya pili ni degre elementeri. Ya tatu na ya ine ni degre ya katikati. Ya tano na ya sita ni degre ya mwisho. Mugawanyo huu una maana yake.

Katika degre elementeri kuna kazi moja inayopita zote: kusoma na kuandika. Programu inataka mtoto aanze kwa lugha ya taifa; kwetu Katanga ni Kiswahili. Kifransa kinaingia polepole, kwanza kwa mdomo. Kuna wazazi wanaokasirika: «Kiswahili anajuaka, mi ninamutuma asome Kifransa!» Lakini kusoma ni kufahamu kama zile alama kwenye karatasi zinasema neno. Mtoto anakifahamu kitu hicho upesi zaidi katika neno analolijua, kama «mama» au «maji», kuliko katika neno asilowahi kulisikia. Akikiisha kufahamu, atakibeba mpaka Kifransa na mpaka Kiingereza. Hafundishwi mara mbili.

Katika degre ya katikati mtoto anaacha kujifunza kusoma, anaanza kusoma ili ajifunze. Sentensi zinakuwa ndefu. Kifransa kinachukua nafasi kubwa zaidi kila mwaka. Hesabu za kuzidisha na kugawanya zinakuja, na vipimo: metre, litre, kilo. Walimu wa primeri wanagawanya hesabu kwa matawi matano: kujua namba, kufanya operesio, vipimo, maumbo, na problemu. Ukiona kwenye kaye operesio ni nzuri lakini problemu zote ni nyekundu, mara nyingi shida si hesabu: mtoto hafahamu Kifransa cha ile problemu.

Katika degre ya mwisho mambo yanafungwa pamoja. Fraksio zinajumlishwa na kupunguzwa. Asilimia inaingia, pamoja na ile kanuni ya tatu ambayo wazee wetu waliijua sana: kama kilo 3 zina bei hii, kilo 7 zitakuwa na bei gani? Historia, jiografia na sayansi zinasimama kila moja peke yake. Kifransa ndicho sasa kinachofundisha karibu yote. Mwisho wa ya sita kuna mtihani wa taifa, ule tuliozoea kuuita TENAFEP, na cheti cha primeri.

Sisi watu wa sehemu za migodi, tuikumbuke sana degre hii ya mwisho. Mchimbaji analeta gunia la mawe la kilo 50. Mnunuzi anaweka mashini yake, anasema: «Linatoa asilimia 2.» Kumbe ni 3. Asilimia 2 ya kilo 50 ni kilo 1 ya shaba. Asilimia 3 ni kilo 1 na nusu. Kwa neno moja tu, theluthi ya mali yake imeenda. Asiyejua asilimia hawezi hata kujua kama ameibiwa. Basi mtoto anayetolewa mu ya tano ili aende kusafisha mawe, anatolewa kwenye mwaka ule ule unaofundisha namna ya kuyauza.

YA SABA NA YA NANE: HERUFI ZINAINGIA KATI YA NAMBA

Wazazi wanachanganyikiwa hapa juu ya majina, na si kosa lao. Zamani tulisema: primeri miaka sita, sekonderi miaka sita. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 ilipanga upya. Ile miaka miwili ya kwanza ya sekonderi imeungwa na primeri, na yote pamoja, miaka minane, inaitwa elimu ya msingi. Ndiyo sababu leo wanasema «ya saba» na «ya nane». Kiisha kunakuja miaka mine ya humanite. Basi ile «ya sita» ya zamani, mwaka wa diploma, sasa ni ya ine ya humanite. Jumla haikubadilika: ni miaka 12 kutoka ya kwanza ya primeri.

Kwenye ya saba mtoto anaacha kuwa na mwalimu mmoja. Sasa kila somo lina mwalimu wake, na anaingia kalasi saa yake, anatoka. Yule wa primeri alimjua mtoto akikohoa. Huyu wa sekonderi anaona majina mengi kwenye karatasi. Kwa hiyo tobo la mtoto linaweza kupita bila kuonekana.

Mu matematiki herufi zinaingia kati ya namba. Sayansi zinapanuka: mambo ya viumbe na udongo, fizika, teknolojia, hata kazi ya ordinateri, ijapo shule nyingi zinaifundisha kwa chaki tu. Mtoto wa Mama Mapasa alipita miaka hii miwili kwa kunakili na kushika kwa kichwa. Inawezekana. Lakini mwaka wa kwanza wa humanite fraksio zilirudi, safari hii na x ndani yake, na kichwa peke yake hakikutosha tena.

Mwisho wa ya nane kuna mtihani wa kuchagua na kuongoza, unaoitwa TENASOSP. Hapo ndipo njia zinaachana.

HUMANITE: NJIA NYINGI, MLANGO MMOJA

Humanite ni miaka mine. Kuna sayansi. Kuna latini na filozofia. Kuna pedagojia, inayotayarisha walimu wa primeri. Kuna biashara, ambako kazi kubwa ni kushika vitabu vya falanga. Kuna teknika: umeme, mekanika, ujenzi, kilimo, ushonaji, na nyingine. Kuna pia sikli fupi za ufundi, kwa wale wanaotaka kufika kwenye kazi mbio zaidi.

Katika sehemu zetu ninaona makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kuchagua kwa kuangalia nje. Kampani imefika, inatafuta watu wa umeme. Basi kila mtu anataka mtoto aingie umeme. Mwaka mwingine ni mekanika. Lakini mtoto atachukua miaka mine kabla ya kumaliza, na ile kampani haimngoji. Uangalie kwanza buletini za ya saba na ya nane. Somo gani anafanya vizuri bila kusukumwa?

Kosa la pili ni kuiona teknika kama jalala la wale walioshindwa. «Hajui matematiki, tumutie mu umeme.» Mama yangu! Mtu wa umeme anaishi ndani ya hesabu. Fundi wa mekanika anapima kitu kidogo kuliko unywele. Vivyo hivyo msichana anayetupwa mu ushonaji kwa sababu tu ni msichana, na huku sayansi anaipenda, anafanyiwa ubaya. Na yule anayependa kushona, tusimcheke: patroni ya nguo ni jometria.

Mwisho wa miaka hii kuna Examen d’Etat, mtihani wa Serikali uliowekwa mwaka 1967. Mtoto anaandika kwanza disertasio, anapita mtihani wa kusema Kifransa, na wale wa teknika wanaonyesha kazi ya mikono mbele ya juri. Kiisha kunakuja siku ine za sesio yenyewe: mambo ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsio. Anatafuta asilimia 50 ili apate diploma. Ile siku mji unatupiana poda nyeupe, wanaimba, wanalia kwa furaha. Lakini maswali yale hayakuzaliwa kwenye mwaka wa mwisho. Ndani ya kila moja kuna kitu cha ya tano ya primeri, na cha ya tatu, na hata cha ya kwanza.

SABABU GANI HATUONI MATOBO?

Wazee wanakumbuka nyakati za kampani kubwa. Shule ilikuwa kambini, mwalimu alilipwa, kaye ziligawanywa. Baba alitoa mtoto asubuhi, akajua kazi itafanyika. Tulizoea kusema: «Masomo bo benyewe banajua.»

Kiisha miaka ya mwanzo ya 1990 ilikuja na magumu yake. Mishahara ya walimu ilianguka, walimu waligoma, na ili shule zisifungwe wazazi walianza kuchanga prime ya mwalimu. Ule mchango uliokoa masomo, tusiusahau. Lakini ulibadilisha mazungumzo kati ya nyumba na shule. Mzazi na direkta wakikutana, neno la kwanza lilikuwa falanga, na la mwisho lilikuwa falanga. Habari ya mtoto ilikosa nafasi.

Mwezi wa Septemba mwaka 2019 Serikali ilianza kutekeleza masomo bila malipo ku primeri za serikali, kama Katiba ya mwaka 2006 ilivyoahidi. Watoto wengi waliokaa nyumbani waliingia shuleni, na ni jambo la kufurahia. Lakini kalasi nyingi zilijaa kupita benchi zake. Mwalimu mwenye kalasi kama ile hawezi kuona kila tobo, hata akiwa na moyo gani. Jicho la pili linahitajika, na jicho lile ni wewe mzazi.

Nami nisijifanye mtu safi. Nimefundisha miaka mingi, lakini binti yangu mwenyewe alinishinda machoni. Alikuwa mu ya tano, alisoma Kifransa kwa sauti kama mtangazaji wa radio. Buletini ilisema 61. Nilitia sahihi, nikasema «vizuri», nikarudi ku mambo yangu. Siku moja mama yake, ambaye Kifransa chake ni kidogo, alimwambia: «Unielezee ile umesoma.» Mtoto alinyamaza. Alikuwa anatamka maneno, lakini hakufahamu hata nusu yake. Mimi mwalimu nilikuwa nikimwuliza: «Umepata ngapi?» Mama yake aliuliza: «Umefahamu nini?» Lile lake ndilo lilikuwa swali.

MZAZI ASIYESOMA ATAFANYA NINI?

Wengi mtasema: «Baba Mwalimu, miye nilikomea mu ya ine, nitapima namna gani mutoto wa sekonderi?» Mama Mapasa naye alikomea pale pale. Ninyi mlimwona akijumlisha nusu na theluthi kwa makopo ya karanga. Shika maswali haya, kila moja kwa wakati wake.

Mwisho wa materneli: je, mtoto anaweza kukuelezea hadithi fupi, kwanza, kiisha, mwisho? Anahesabu vijiko vya mezani bila kuruka?

Mwisho wa ya pili: mpe ukurasa wa gazeti hili. Asome mistari mitano, afunge, akuambie imesema nini. Kama hawezi, usingoje ya tatu. Huu ndio ukuta wa nyumba yote.

Mwisho wa ya ine: mtume sokoni na falanga, akurudishie chenji na aeleze hesabu yake. Tena asome Kifransa kifupi, akuelezee kwa Kiswahili. Utajua kama amefahamu, hata kama wewe Kifransa hukijui.

Mwisho wa ya sita: akuandikie barua kwa shangazi yake, barua nzima. Akuonyeshe asilimia 10 ya bei ya gunia la makala.

Mwisho wa ya nane: akuambie opsio gani anataka na sababu gani. Kama sababu ni «rafiki yangu anaenda kule», mkae tena mzungumze.

Katika humanite: akufundishe kitu kimoja alichojifunza juma hili. Usijali kama hutafahamu chote. Anayeweza kumwelezea mama yake jambo, analijua. Anayesema «weye huwezi kufahamu», mara nyingi ni yeye hajafahamu.

Na jambo lingine moja: mtoto akikosa shule, kwa malaria, kwa matanga, kwa kukosa falanga, andika ni juma gani. Ku primeri mwaka una trimestre tatu. Kukosa moja ni kukosa theluthi ya mwaka. Ku sekonderi kuna semestre mbili. Kukosa moja ni nusu. Akirudi, aende kwa mwenzake na kaye, anakili, na mwalimu aombwe amwelezee. Wasichana tuwafikirie zaidi hapa. Anayebakizwa nyumbani siku mbili kila juma kwa ajili ya kubeba mdogo wake au kuchota maji, mwisho wa mwaka amekosa zaidi ya yule aliyeugua mwezi mzima, na hakuna aliyehesabu.

Juu ya machimbo, sitaficha neno. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto, na kazi ya migodi haimpasi. Ninajua pia kama njaa haisomi sheria. Sitampiga mawe mzazi aliyekuwa na sufuria tupu. Ninaomba tu ajue bei yote, siyo ile inayohesabiwa mkononi jioni peke yake.

NAMNA GANI ILIENDELEA

Nirudi kwa Mama Mapasa. Wale mapasa wake wawili walikuwa mu ya tano ya primeri mwaka ule ule. Nikamwambia kijana: «Buku yako sasa ni kaye ya wadogo wako.» Alikasirika, aliona haya. Mtu wa humanite kukaa mezani na watoto wa primeri! Mama yake alimwambia neno moja tu: «Haya haijazaka tumbo.»

Basi walikaa. Kila juma siku tatu, mangaribi, mbele ya taa. Wale mapasa wakifanya kazi yao ya nyumbani, mkubwa naye anaifanya. Baada ya majuma mawili alianza kuwaelezea wao. Ndipo nilijua mambo yataenda. Toka fraksio walipita kwenye asilimia, kiisha kanuni ya tatu. Nami nikamrudisha polepole kwenye zile x zake.

Mwisho wa mwaka matematiki yake ilikuwa 47. Ni wino mwekundu bado. Sikuandika habari hii ili kuwaambia muujiza. Lakini masomo mengine yalimbeba, repeshaji ilimpitisha, na sasa anajua tobo lake liko wapi. Kabla hakujua, aliwaza yeye ni mtu wa kichwa kigumu, au mtu aliyerogwa.

Baba yake ndiye aliyebaki. Yeye alikuwa amekwisha kusema kama mtoto ataacha. Siku moja alikuja kwangu peke yake, akakaa muda mrefu bila kusema. Kiisha akauliza:

— Baba Mwalimu, ile kintu mutoto alikosaka, ni ya miezi tatu tu?

— Miezi mitatu tu, baba.

— Na juu ya kuilipa, inaomba mwaka muzima?

— Mwaka mzima, na haijaisha.

Alitikisa kichwa.

— Tulikuwa nawaza tunapata falanga. Kumbe tulikuwa nakopa ku mutoto.

Sina neno la kuongeza juu ya hilo. Septemba ilipofika, kijana alikuwa kwenye mstari mbele ya bendera, mwaka wa pili wa humanite.

Wewe msomaji, leo jioni, kabla ya kulala, umwite mtoto wako mmoja. Acha buletini kwenye sanduku. Mwulize: «Juma hili umefahamu nini?» Kiisha nyamaza, usikilize mpaka mwisho.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mtoto anayesema uwongo nyumbani: sababu zake, na sehemu yetu ndani yake. Tuandikieni.

Mkae salama, wote wa nyumbani.